Tathmini ya earth.nullschool.net: tufe la pepo na mikondo ya bahari

Tufe jeusi unaloweza kulizungusha kwa kidole, mistari myembamba inayokimbia juu yake, na maandishi machache sana: hivyo ndivyo earth.nullschool.net inavyokupokea. Cameron Beccario aliifungua tovuti hii mwishoni mwa 2013, na bado ni ya bure. Huombwi hata kujisajili. Wengi huifungua, huishangaa dakika mbili, hupiga picha ya kimbunga na kuondoka zao. Ni hasara, kwa sababu kazi inayoiweza kuliko zana nyingi za bure ni nyingine kabisa: kuonyesha jinsi upepo unavyousukuma mkondo, mkondo unavyobadili joto la maji, na joto la maji linavyorudi kuamua mvua inyeshe wapi. Ila kuviunganisha ni kazi yako. Tovuti yenyewe haikuelezi chochote.

Kwanza ujue unachokitazama. Upepo, joto la hewa, unyevu na mgandamizo vinatoka GFS, modeli ya utabiri ya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani inayoendeshwa mara nne kwa siku, saa 00, 06, 12 na 18 UTC, yaani saa ya kimataifa. Kwa hiyo picha ya "sasa hivi" si vipimo, ni utabiri wa saa chache uliolishwa vipimo vya setilaiti, maputo, meli na vituo vya ardhini. Mikondo inatoka OSCAR, seti ya data ya mikondo ya juu ya bahari, ambayo nayo si kipimo cha moja kwa moja. Setilaiti hupima kimo cha uso wa bahari. Panapokuwa na mwinuko au bonde la maji, hata la makumi machache ya sentimita, maji hayashuki moja kwa moja kutoka juu kwenda chini. Mzunguko wa dunia huyapinda yakauzunguka mwinuko, na kasi hiyo ndiyo hukokotolewa. Juu yake huongezwa msukumo wa upepo na athari ya tofauti za joto la maji. Jibu ni wastani wa takribani mita 30 za juu. Kilicho chini ya hapo hakimo kabisa.

Menyu hufunguliwa kwenye kona ya chini kushoto. Safu nne ndizo za kujali. "Mode" huchagua hewa au bahari. "Height" huchagua kimo cha hewa kwa hektopaskali, kizio cha mgandamizo wa hewa, na hapa ndipo wageni hukwama, kwa kuwa namba hupungua kadiri unavyopanda: Sfc ni usoni, 1000 ni jirani na ardhi, 850 ni takribani mita 1,500, 700 ni kilomita 3, 500 ni kilomita 5.5, na 250 ni kilomita 10 na kidogo. 70 na 10 viko kwenye stratosfia, tabaka lililo juu ya lile lenye mawingu na mvua. Kwa habari za mvua na mikondo viache. "Overlay" hupaka rangi. TPW ni jumla ya mvuke uliomo kwenye safu nzima ya hewa, MSLP ni mgandamizo uliosahihishwa hadi usawa wa bahari, SST ni joto la uso wa bahari, na SSTA ni tofauti ya joto hilo na wastani wa tarehe ile. "Projection" ni umbo la ramani. O, yaani tufe, latosha kwa karibu kila kitu. S ni nzuri ukitaka kuitazama Antaktika kutoka juu na kuuona mkondo unaoizunguka bila kuzuiwa na bara lolote, mkondo unaobeba zaidi ya mita za ujazo milioni 130 kila sekunde. WB ni urembo.

Jambo moja ambalo menyu haikuambii: anwani iliyo juu ya kivinjari ndiyo usukani halisi. Kila unachochagua huandikwa pale. Mfano:

#2019/07/15/0000Z/wind/isobaric/850hPa/orthographic=55,5,700

Mwaka, mwezi, siku, saa ya UTC, kimo, kisha longitudo, latitudo na ukubwa wa picha. Badilisha 07 iwe 01, bonyeza kitufe cha kuingiza, na umehama kutoka Julai hadi Januari bila kulisogeza tufe hata kidogo. Anayetumia vishale vya menyu kurudi nyuma miezi sita atachoka kabla hajafika. Na kwa sababu kumbukumbu za tovuti zinaanzia 2013 hivi, usitafute humu El Niño, yaani joto la ziada la Pasifiki ya ikweta, ya 1997.

Zoezi la kusi na kaskazi

Kama una muda wa jambo moja tu, fanya hili, maana hakuna sehemu nyingine ya dunia ambapo uhusiano wa hewa na maji unaonekana wazi namna hii.

Weka tarehe ya katikati ya Julai, mwaka wowote. Chagua hewa, kimo cha 850, na lisogeze tufe hadi Bahari ya Hindi ya magharibi iwe katikati. Anza kusini, karibu na digrii 30, penye mgandamizo mkubwa wa Mascarene. Hewa inatoka pale ikielekea kaskazini-magharibi: hiyo ni kusi. Inapokaribia Afrika inakutana na nyanda za juu za Afrika Mashariki, haiwezi kupanda kirahisi, inabanwa na kugeukia kaskazini kufuata ukingo wake. Inavuka ikweta. Kani ya Koriolisi, yaani ule mpindo unaoletwa na mzunguko wa dunia, ni sifuri pale ikweta, na upande wa pili inaanza kuvuta kuelekea kulia badala ya kushoto, kwa hiyo upepo uleule uliokuwa wa kusini-mashariki unakuwa wa kusini-magharibi na kuikata Bahari ya Arabuni hadi India. Kijito hiki cha hewa kinaitwa kwa jina la Findlater, mtaalamu wa hali ya hewa aliyekieleza mwaka 1969. Bofya mahali penye rangi kali mbele ya Somalia, kwenye digrii 10 kaskazini na 53 mashariki: siku nyingi za Julai utasoma mita 15 kwa sekunde au zaidi.

Sasa usiguse kitu kingine, badilisha hewa iwe bahari. Mkondo wa Somalia unakimbia kaskazini ukiambaa pwani, kwa kasi inayoweza kupita mita 2 kwa sekunde. Kati ya digrii 5 na 10 kaskazini sehemu kubwa ya maji hayo inaiacha pwani na kujizungusha kwa mwelekeo wa saa, duara la mamia ya kilomita. Wataalamu huliita Mzunguko Mkuu, na kwenye skrini halihitaji kuelekezwa na mtu.

Hatua ya tatu ndiyo wengi huiruka. Ukiwa bado baharini, weka SST. Kando ya pwani hiyohiyo ya tropiki, katikati ya msimu wa joto la kaskazini, utaona ulimi wa maji baridi. Sehemu zake hushuka karibu na nyuzi joto 20, huku maji ya mbali na pwani yakiwa 27 au 28. Sababu ni kwamba upepo unavuma sambamba na pwani, na katika nusutufe ya kaskazini jumla ya maji ya juu yanayosukumwa na upepo huelekea kulia kwake, si mbele yake. Kulia ni bahari kuu. Maji ya juu yanaondoka, na nafasi yao inajazwa na maji yanayopanda kutoka chini, baridi na yenye rutuba. Bofya sehemu ya baridi, kisha sogea digrii tatu mashariki ubofye tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo somo zima.

Malizia na TPW upande wa hewa. Juu ya maji baridi mvuke ni haba. Hewa ya chini inapozwa, inatulia, haipandi, na pwani ya Somalia inabaki kavu wakati ambapo hewa hiyohiyo, ikishaokota mvuke juu ya maji yenye joto mbele zaidi, inaimwagia mvua pwani ya magharibi ya India. Kisha badilisha mwezi uwe Januari. Kaskazi inavuma, mkondo umegeuka kuelekea kusini-magharibi, ulimi wa baridi umefutika. Mikondo mingine mikubwa ya kingo za magharibi mwa bahari, kama ule wa Ghuba, Kuroshio au Agulhas, haigeuki hivi. Hubadilika nguvu tu.

Hapa tovuti inapata alama zote. Picha nne, anwani moja, na mnyororo mzima umeonekana.

Usiyatafute mapete matatu

Zoezi ambalo waalimu hulianza nalo, na ambalo huwaangusha, ni kuonyesha mapete matatu ya mzunguko wa hewa kama yalivyochorwa vitabuni: hewa inapanda ikweta, inashuka digrii 30, na kadhalika. Hayapo kwenye skrini. Si kosa la tovuti. Mchoro wa kitabu ni wastani wa muda mrefu na wa mzunguko mzima wa dunia, ilhali unachotazama ni saa moja ya siku moja. Kwenye 250 mwendo wa kaskazini-kusini wa pete la tropiki, la Hadley, ni mita chache tu kwa sekunde kwa wastani, na unamezwa na upepo wa magharibi wa mkondo wa hewa wa juu, ambao majira ya baridi unaweza kupita kilomita 300 kwa saa karibu na Japani. Pete la katikati ndilo gumu zaidi: ni kile kinachobaki ukishatoa wastani wa dhoruba zinazopita, kwa hiyo kwenye picha ya siku moja utaona dhoruba tu. Isitoshe, tovuti haina safu ya mwendo wa wima. Hewa inayopanda na inayoshuka hutaiona, utaikisia.

Unachoweza kukiona vizuri ni miguu ya mapete hayo. Weka Sfc pamoja na TPW: pepo za kusini-mashariki na za kaskazini-mashariki zinakutana kwenye utepe wa mvuke mzito, yaani ukanda mvua. Kisha weka MSLP, na migandamizo mikubwa itajitokeza karibu na digrii 30 kila upande, hasa juu ya bahari. Linganisha Januari na Julai uone jinsi ukanda mvua unavyosogea kidogo tu juu ya Pasifiki ya mashariki na Atlantiki, ambako hubaki kaskazini mwa ikweta karibu mwaka mzima, na unavyosafiri mbali sana juu ya Afrika na Bahari ya Hindi. Hiyo yatosha kwa somo. Pete lenyewe lichore ubaoni.

El Niño, na mtego wa rangi nyekundu

Weka bahari, SSTA, tarehe ya katikati ya Novemba 2015. Pasifiki ya ikweta imewaka. Badilisha mwaka uwe 2020 na utepe uleule ni wa buluu: La Niña, kinyume cha El Niño. Eneo la kupima liko kati ya digrii 5 kaskazini na 5 kusini, longitudo 170 hadi 120 magharibi. El Niño ya 2015 hadi 2016 ilifikisha wastani wa miezi mitatu wa takribani nyuzi 2.6 juu ya kawaida katika kisanduku hicho, ilhali kizingiti ni 0.5. Usitangaze El Niño kwa kubofya nukta moja. Nukta hupanda na kushuka kwa wiki. Kipimo rasmi ni wastani wa kisanduku kizima, na wa miezi.

Kwa Bahari ya Hindi, jaribu Novemba 2019. Magharibi yake ina joto, mashariki jirani na Sumatra ni baridi, na upepo wa usoni kwenye ikweta unavuma kutoka mashariki badala ya magharibi kama ilivyo kawaida ya miezi hiyo. Mvua kubwa ya Afrika Mashariki na ukame wa Australia wa msimu ule vimo ndani ya picha hiyo.

Mtego ni huu: wastani wa kulinganishia ni wa miongo iliyopita, na bahari imepata joto tangu wakati huo. Matokeo yake ni kwamba ramani za miaka ya karibuni huwa nyekundu karibu kila mahali, na mtu huona "bahari inachemka" pale ambapo hali ni ya kawaida kwa miaka hii. Ukitafuta El Niño au tofauti ya pande mbili za Bahari ya Hindi, linganisha eneo na majirani zake, si na rangi ya sifuri.

Mapungufu mengine

Kubwa kuliko yote ni mizani ya rangi. Upepo wa mita 15 kwa sekunde na mkondo wa mita 1.5 huweza kung'aa sawasawa, na mistari yake hukimbia kwa kasi inayofanana machoni. Mwanafunzi hubaki anaamini bahari inakwenda kama upepo, wakati maji ya juu yanayosukumwa na upepo huenda kwa asilimia mbili au tatu tu ya kasi yake. Kila ukibadilisha kutoka hewa hadi bahari, bofya nukta na usome namba kwa sauti.

La pili linaumiza zaidi kwa habari za tabianchi. Mikondo iliyo muhimu si lazima ing'ae. Benguela na Humboldt, zinazohusika na ukavu wa majangwa ya Namib na Atacama, huonekana hafifu kwa sababu ni za polepole na sehemu yake muhimu iko jirani mno na pwani, ambapo setilaiti za kupima kimo cha bahari huchanganywa na nchi kavu, na gridi ya OSCAR, theluthi au robo ya digrii kulingana na toleo, haina nafasi ya kuonyesha ukanda mwembamba. Robo ya digrii ni kama kilomita 28. Kwa maeneo hayo achana na mistari, tumia SST. Kinyume chake, Agulhas hung'aa vizuri ajabu: fuata ncha ya kusini ya Afrika uone inavyogeuka na kurudi mashariki, ikiachia miduara ya maji ya joto inayoelea kuingia Atlantiki.

Karibu na ikweta kabisa, njia ya kukokotoa mkondo kutokana na kimo cha maji hudhoofika kwa kuwa Koriolisi inaisha. OSCAR ina mbinu ya kulipitia eneo hilo, lakini usizichukulie namba za pale kwa uzito sawa na za digrii 20. Maji kupwa na kujaa hayamo. Kwa hiyo asiwepo wa kupanga safari ya chombo kidogo kwa ramani hii.

Vimbunga navyo hupunguzwa. Fungua jioni ya tarehe 14 Machi 2019, Idai inapoingia Beira, na kasi utakayoisoma kwenye kuta za jicho itakuwa chini ya ile iliyotangazwa, maana modeli ya dunia nzima husawazisha kilele chembamba. Umbo na mahali ni sahihi. Nguvu si ya kuaminiwa.

Kuhusu Ulaya na Mkondo wa Ghuba, tovuti inasaidia kurekebisha dhana moja sugu. Ukiufuata mkondo toka Florida, utauona ukiiacha pwani ya Marekani karibu na digrii 35 kaskazini, ukianza kujipinda na kutawanyika. Haufiki Uingereza kama mto. Weka hewa, 850, Januari. Upepo wa magharibi unavuka Atlantiki nzima kabla ya kufika Ulaya, ilhali Labrador, iliyo kwenye latitudo zilezile, inapigwa na upepo uliotoka ndani ya bara lililoganda. Bahari huhifadhi joto la kiangazi, mkondo huongeza lake, upepo ndio msafirishaji. Ukizungumzia mkondo peke yake umesema nusu.

Na kuna kisichokuwepo kabisa: mzunguko wa kina. Maji mazito, baridi na yenye chumvi, yanayozama kaskazini mwa Atlantiki na kurudi kusini kilomita kadhaa chini ya uso hayana hata alama humu. Kiasi chake, kama mita za ujazo milioni 17 kwa sekunde, hupimwa tangu 2004 na vifaa vilivyotandazwa kuvuka Atlantiki kwenye digrii 26.5 kaskazini, katika mradi wa RAPID. Anayechukua picha ya nullschool na kuandika chini yake kwamba mzunguko huo umepungua au umesimama anakisia tu.

Ukilinganisha na Windy, programu ya utabiri wa hali ya hewa ambayo wengi wanayo kwenye simu: kwa kujua kama kesho patakuwa na upepo, Windy inashinda kirahisi kwa kuwa inakuwekea modeli kadhaa bega kwa bega na ina ramani yenye majina ya miji. Nullschool haina majina, haina mipaka ya nchi, na kwa kazi ya tabianchi hilo ni heri. Jicho linabaki kwenye mabara, bahari na mwendo.

Kwenye simu dhaifu tufe hukwamakwama, kwani kifaa chako ndicho kinachochora kila mstari. Punguza ukubwa wa dirisha la kivinjari, funga kurasa nyingine, na subiri mistari iishe kujichora kabla ya kuzungusha tena. Mahali penye intaneti ya kusuasua, piga mapema picha za skrini za zoezi la kusi: 850, mikondo, SST na TPW, kila moja ya Julai na ya Januari, zote kwa anwani yenye longitudo, latitudo na ukubwa uleule ili ziweze kuwekwa pamoja. Picha nane. Andika tarehe na saa ya UTC kwenye jina la kila faili, kwa sababu baada ya wiki hakuna atakayekumbuka ipi ni ya lini.